Fedha za kuzuia watu wasipoteze makazi: halmashauri za England huzipata wapi, na kwa nini huambiwa zimekwisha

Swali: Mimi ni katibu wa chama kidogo cha familia zinazozungumza Kiswahili katika mji mmoja wa kusini mashariki mwa England. Mama mmoja mwanachama wetu, mwenye watoto watatu, alipunguziwa saa za kazi akaangukia deni la pango la pauni 2,400. Alipokwenda halmashauri kuomba msaada, alijibiwa kwamba hakuna fungu la kulipia malimbikizo ya pango, na kwamba arudi madalali wa mahakama watakapofika mlangoni. Madalali walifika. Sasa yeye na watoto wako hotelini kwa gharama ya halmashauri hiyo hiyo, chumba kimoja kisicho na jiko, na huu ni mwezi wa tano. Fedha za kuzuia mambo kama haya hutoka wapi, nani huamua zitumikeje, na je, chama kama chetu kinaweza kuziomba?

Jibu: Ndugu Katibu, naomba nianze na mama aliyeko hotelini, kwa kuwa jambo lake haliwezi kungojea maelezo ya bajeti. Amri ya serikali ya mwaka 2003 kuhusu ubora wa makazi ya muda, iliyoanza kutumika Aprili 2004, inaikataza halmashauri kuiweka familia yenye watoto katika hoteli au nyumba ya wageni ya mtu binafsi ambamo familia hiyo haina choo, bafu na jiko vyake yenyewe, isipokuwa pale ambapo hakuna makazi mengine yoyote, na hata hapo kwa muda usiozidi wiki sita. Miezi mitano ni zaidi ya mara tatu ya muda huo. Kama jengo hilo lingekuwa mali ya halmashauri yenyewe amri hiyo isingeligusa, lakini kwa maelezo yako ni hoteli ya kawaida. Mama huyo aandike barua au barua pepe leo, ataje tarehe aliyoingia hotelini, adai makazi yanayofaa, na asipopata jibu la maana afike kwa mwanasheria wa makazi kupitia mashirika ya hiari ya ushauri, yaani Shelter au ofisi ya Citizens Advice iliyo karibu, kwa sababu kesi za kupoteza makazi ni miongoni mwa zile chache ambazo msaada wa kisheria wa serikali bado unazigharimia. Akishamaliza hatua za malalamiko ndani ya halmashauri, anaweza pia kulifikisha jambo hilo kwa mchunguzi wa malalamiko ya serikali za mitaa, ambaye amezikuta na kosa halmashauri nyingi kwa jambo hili hasa na kuzitaka zizilipe familia fidia.

Sasa nije kwenye fedha. Nazungumzia England peke yake, kwa sababu Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria na mafungu yao.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba halmashauri yenye nyumba zake za kupangisha huwa na vitabu viwili vya hesabu ambavyo sheria ya mwaka 1989 inakataza visichanganywe. Kimoja ni cha nyumba zake: pango linalolipwa na wapangaji huingia humo na hutumika kukarabati, kusimamia na kulipia madeni ya nyumba hizo, basi. Kingine ni mfuko mkuu, unaobeba kila kitu kingine, kuanzia ukusanyaji wa taka hadi maktaba, na huduma za watu wanaopoteza makazi zimo humu. Kwa hiyo mtu anapouliza, kama nilivyosikia wengi wakiuliza, kwa nini halmashauri inayokusanya pango la maelfu ya nyumba inalia haina fedha za kumwokoa mpangaji mmoja, jibu ni kwamba zile fedha hairuhusiwi kuzigusa kwa kazi hiyo. Mpangaji wa mwenye nyumba binafsi, kama mama huyu, huokolewa na mfuko mkuu au haokolewi.

Mfuko mkuu hupata mapato yake kutokana na kodi ya halmashauri inayolipwa na kila kaya, sehemu ya kodi ya majengo ya biashara, ada mbalimbali, ruzuku ya jumla kutoka serikali kuu, na ruzuku zenye masharti. Kodi ya halmashauri haiwezi kupandishwa kwa hiari: halmashauri za wilaya zisizobeba huduma za ustawi wa jamii, na yenu huenda ni mojawapo, zimekuwa zikiruhusiwa kupandisha kwa takriban asilimia 3 tu kwa mwaka bila kuitisha kura ya maoni ya wakazi. Ndiyo maana kwa kazi ya kuzuia watu wasipoteze makazi, macho yote yako kwenye ruzuku yenye masharti. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Ruzuku ya Kuzuia Ukosefu wa Makazi, iliyoanzishwa mwaka wa fedha 2021/22 ikiwa na pauni milioni 310 kwa kuunganisha ruzuku mbili zilizotangulia, na ikafika pauni milioni 633.2 mwaka 2025/26. Kuanzia mwaka 2026/27 serikali imeigawa: sehemu iliyokuwa ikilipia makazi ya muda imeingizwa katika ruzuku ya jumla, na sehemu ya kuzuia imeunganishwa na fedha za watu wanaolala mitaani na za waathirika wa ukatili wa nyumbani, zikawa ruzuku moja inayotangazwa kwa miaka mitatu kwa mkupuo badala ya mwaka hadi mwaka.

Jina la ile ruzuku liliwadanganya wengi. Ingawa iliitwa ya kuzuia, masharti yake yaliiruhusu halmashauri kuitumia pia kulipia hoteli na vyumba vya muda, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa iliishia huko. Serikali ililiona hilo, na kwa mwaka 2025/26 ikaweka uzio: angalau asilimia 49 ya ruzuku ilipaswa kutumika kwa kuzuia, kwa kuwasaidia waliokwisha kupoteza makazi wapate mengine, na kwa mishahara ya watumishi wa kazi hizo. Wale mnaotoka Tanzania mnaijua dhana hii vizuri kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zetu zinatakiwa na sheria kuitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha isiyo na uzio huenda kwenye moto mkubwa zaidi, na katika halmashauri za England moto huo kwa sasa ni makazi ya muda.

Ukubwa wa moto wenyewe ni huu. Tarehe 31 Machi 2025 kaya 131,140 zilikuwa katika makazi ya muda kote England, zikiwa na watoto 169,050. Katika mwaka wa fedha uliokwisha siku hiyo, halmashauri zilitumia takriban pauni bilioni 2.8 kuyalipia makazi hayo, kutoka takriban bilioni 2.3 mwaka uliotangulia. Hesabu hiyo ni kabla ya kuondoa kile kinachorudishwa na Wizara ya Kazi na Pensheni kupitia msaada wa pango, na hapo kwenye marejesho ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Familia inapowekwa hotelini, kwa kawaida huomba msaada wa pango ili kulipia chumba hicho, halmashauri huulipa, kisha huidai Wizara irudishe. Lakini Wizara hairudishi chote. Kwa chumba cha hoteli hurudisha kisichozidi kiwango cha pango la nyumba ya chumba kimoja cha kulala katika eneo hilo, kama kilivyokuwa Januari 2011. Pango limepanda mno tangu wakati huo, na kiwango hicho hakijaguswa. Tuchukue mfano wa kukisia tu: hoteli inatoza pauni 100 kwa usiku, yaani 700 kwa wiki, na kiwango cha Januari 2011 katika mji wenu tuseme ni pauni 130. Kila wiki inayopita halmashauri inabaki na shimo la pauni 570 linalozibwa na mfuko mkuu. Kwa wiki 26 shimo hilo linafika pauni 14,820, kwa familia moja, na hapo hujahesabu teksi za kuwapeleka watoto kwenye shule yao iliyobaki mbali wala uhifadhi wa samani zao ghalani. Deni lililomtoa mama huyu nyumbani lilikuwa pauni 2,400.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na maofisa wa fedha wa halmashauri, ambao si wajinga hata kidogo, wanaijua kwa namna yao. Tatizo ni kwamba ufa uko kwenye kasma moja, yaani fungu moja la bajeti, na ukuta uko kwenye kasma nyingine. Kasma ya makazi ya muda ni ya lazima: familia yenye watoto ikifika bila pa kulala, halmashauri haina njia ya kisheria ya kuikataa kwa kisingizio cha bajeti, kwa hiyo bili italipwa hata kama kasma imekauka, na fedha zitatafutwa kokote. Kasma ya kuzuia nayo ina wajibu wa kisheria nyuma yake, kama nitakavyoeleza, lakini sheria inaitaka halmashauri ichukue hatua zinazofaa bila kutaja itumie pauni ngapi. Panapobana, kinachokatwa ni kile kisicho na tarakimu. Na panabana kweli, kwa sababu halmashauri za nchi hii haziruhusiwi kuendesha matumizi ya kawaida kwa mkopo: mkuu wa fedha akiona matumizi yatazidi mapato, sheria ya mwaka 1988 inamtaka atoe notisi rasmi inayosimamisha matumizi mapya. Croydon ilifika huko mwaka 2020, Slough mwaka 2021, Woking, Birmingham na Nottingham mwaka 2023. Sababu zilitofautiana, na makazi ya muda hayakuwa chanzo kikuu kwa zote, lakini hofu ya notisi hiyo ndiyo inayomfanya mkuu wa fedha afunge kila mlango usiolazimishwa na sheria.

Kuna mpasuko mwingine unaowahusu ninyi moja kwa moja. Katika maeneo mengi ya kusini mashariki serikali za mitaa zina ngazi mbili. Halmashauri ya wilaya hushughulikia makazi; halmashauri ya kaunti hushughulikia watoto, wazee na afya ya jamii. Wilaya ikitumia pauni 2,400 kumbakiza mama huyu nyumbani, sehemu nzuri ya faida huenda kwa kaunti, ambayo haitalazimika kufungua jalada la ustawi kwa watoto wanaokosa shule, na kwa hospitali, na kwa Wizara. Aliyetoa fedha siye anayevuna. Nimeona mipango mizuri ikifia kwenye mikutano ya ngazi mbili hizi, kila upande ukimsubiri mwenzake aandike hundi. Serikali kuu imetangaza kwamba itaziunganisha ngazi hizo kuwa moja, na kwa jambo hili naona itasaidia, ingawa uunganishaji wenyewe utawala muda na akili za maofisa kwa miaka.

Historia nayo ina la kusema kuhusu uzio. Aprili 2003 serikali ilianzisha mpango wa kugharimia huduma za kuwasaidia watu dhaifu wabaki katika makazi yao: wafanyakazi wa kuwatembelea wapangaji, hosteli, nyumba za hifadhi. Mwaka wa kwanza ulikuwa na pauni bilioni 1.8, zikiwa zimezungushiwa uzio. Mwaka 2009 uzio uliondolewa kwa hoja iliyosikika vizuri, kwamba halmashauri zinayajua mahitaji yao kuliko London. Mwaka uliofuata kukaja ubanaji wa matumizi, fedha zikamezwa na huduma za lazima za wazee na watoto, na wafanyakazi wale wa kutembelea wapangaji wakapotea eneo baada ya eneo. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kisera lililoigharimu nchi zaidi katika eneo hili, na ndiyo sababu mimi huwa upande wa uzio hata ninapowaelewa madiwani wanaoulalamikia.

Turudi kwenye jibu alilopewa mama. Je, lilikuwa sahihi? Hapana. Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika 3 Aprili 2018, inasema kwamba mtu yeyote anayestahili na ambaye huenda akapoteza makazi ndani ya siku 56 ana haki ya kusaidiwa na halmashauri asiyapoteze. Kabla ya hapo zilikuwa siku 28, na wasio na watoto au ulemavu waliondoka mara nyingi na karatasi ya ushauri tu. Sasa halmashauri inatakiwa kuifanyia familia tathmini, kuandaa nayo mpango wa maandishi wa makazi, na kuchukua hatua zinazofaa: kuzungumza na mwenye nyumba, kupanga ulipaji wa deni kidogo kidogo, kulipa malimbikizo au sehemu yake pale inapofaa, au kutafuta nyumba nyingine na kulipa amana na pango la mwezi wa kwanza. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2018 unaofuatana na sheria hiyo unazionya halmashauri zisizifanye familia zingojee hadi madalali wa mahakama watekeleze amri. Tabia ya kungojea ni ya zamani, na ina mantiki yake mbaya: katika kila familia kumi zinazofika na notisi, zipo zitakazojitafutia njia zenyewe, na ofisi iliyozidiwa huona kungojea kama kuokoa. Inaokoa kwenye kasma ya kuzuia, na kulipia mara sita kwenye ile nyingine.

Hata maneno "hakuna fungu" yalihitaji kuulizwa swali la pili. Mbali na ruzuku niliyoitaja, halmashauri zimekuwa zikipewa na Wizara ya Kazi na Pensheni fedha za hiari za kuongezea pango kwa wanaopata msaada wa pango au sehemu ya nyumba katika mafao, pauni milioni 100 kwa mwaka kwa England na Wales katika miaka ya karibuni. Kuanzia Aprili 2026, kwa upande wa England, fedha hizo zimeunganishwa na msaada wa dharura kwa kaya katika Mfuko wa Dharura na Ustahimilivu. Mara nyingi fedha hizi hazisimamiwi na kitengo cha makazi; ziko chini ya kitengo cha mafao, ghorofa nyingine au hata katika halmashauri ya kaunti. Afisa wa dirishani anaposema hakuna fungu, mara nyingi anamaanisha kwamba hakuna fungu ambalo yeye ana mamlaka ya kulitia saini. Swali la pili ni: nani katika halmashauri ana mamlaka hayo, na ombi langu mmelipeleka kwake lini? Liulizwe kwa maandishi.

Niongeze tahadhari moja kwa wanachama wengine waliopata notisi: asitoke mtu kwenye nyumba kwa kuogopa au kuona aibu kabla mahakama haijaamua, bila kupata ushauri kwanza. Anayetoka mapema halmashauri inaweza kumwona amejikosesha makazi kwa makusudi, na haki zake zikapungua sana. Aidha, Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 inafuta kuanzia 1 Mei 2026 ile notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu, na inamtaka mwenye nyumba anayetegemea sababu ya lazima ya malimbikizo, ile ambayo ikithibitishwa mahakama haina budi kumtoa mpangaji, angoje hadi deni lifike miezi mitatu ya pango, kutoka miwili, kisha atoe notisi ya wiki nne. Huo mwezi ulioongezeka ni wa kuombea fedha. Anayekwenda halmashauri deni likiwa la mwezi mmoja na nusu ana nafasi nzuri kuliko anayekwenda na karatasi ya mahakama mkononi.

Kuhusu nani huamua: bajeti hupitishwa na baraza zima la madiwani, kwa ushauri wa mkuu wa fedha ambaye sheria ya mwaka 1972 inataka kila halmashauri iwe naye. Mwaka wa fedha huanza 1 Aprili na kodi ya halmashauri lazima iwe imepangwa ifikapo 11 Machi, lakini atakayesubiri kikao cha Februari atakuwa amechelewa. Rasimu huandikwa na maofisa kuanzia vuli, takwimu za ruzuku kutoka serikali kuu hufika Desemba, na maoni ya wananchi hupokelewa kati ya Desemba na Januari. Wenye neno ni diwani anayesimamia makazi, mkuu wa huduma za makazi, na kamati ya usimamizi inayoweza kuwahoji wote wawili hadharani. Sheria ya mwaka 2002 pia inaitaka kila halmashauri iwe na mkakati wa kukabili ukosefu wa makazi na kuuandika upya angalau kila baada ya miaka mitano. Ikiwa wenu unakaribia kuandikwa upya, chama chenu kiwemo katika wanaoshauriwa, kwa sababu fedha hufuata kilichoandikwa humo.

Nendeni na tarakimu za halmashauri yenyewe. Kila halmashauri inatakiwa kuchapisha kila robo mwaka malipo yake yote yanayozidi pauni 500. Fungueni jedwali hilo, tafuteni majina ya hoteli na mawakala wa vyumba, na jumlisheni. Ni kazi ya jioni moja kwa kijana anayejua kutumia jedwali la kompyuta. Kisha, kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, ulizeni kiasi cha ruzuku ya kuzuia kilichopokelewa mwaka uliopita, kilichotumika kwa malimbikizo ya pango na amana, kilichotumika kwa makazi ya muda, na ni familia ngapi zilizofika kabla ya kutolewa ambazo zilibaki na makazi. Halmashauri ina siku 20 za kazi za kujibu. Diwani akiona kwamba zimelipwa pauni laki kadhaa kwa hoteli moja huku kasma ya malimbikizo ikiwa elfu chache, hahitaji hotuba.

Sasa chama chenu. Kifungu cha 180 cha Sheria ya Makazi ya mwaka 1996 kinairuhusu halmashauri kutoa ruzuku, mkopo au hata jengo kwa mashirika ya hiari yanayohusika na ukosefu wa makazi, kwa hiyo njia ya kisheria ipo. Kiutendaji, fedha kubwa hutolewa kwa zabuni na huchukuliwa na mashirika makubwa yenye wanasheria na wahasibu, na sikushauri kushindana nayo. Nafasi yenu ni ndogo lakini ni ya kweli: ninyi mnajua deni likiwa bado la wiki tatu, jambo ambalo halmashauri haina namna ya kulijua. Familia za Wakongo zilizoletwa na serikali kutoka kambi za wakimbizi barani Afrika na kupewa makazi katika miji kama Sheffield, Bolton na Hull zilikuwa na watu walioweza kusoma notisi ya Kiingereza na watu ambao hawakuweza, na bahasha isiyofunguliwa huwa mwanzo wa kesi nyingi. Ombeni makubaliano ya maandishi ya kuelekeza familia kwa afisa mmoja mwenye jina, ndani ya siku chache tangu deni kuanza, pamoja na ruzuku ndogo ya kulipia saa za mkalimani, simu na nauli. Ili mfikiriwe mtahitaji katiba, akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili, bima, sera ya kuwalinda watoto na watu wazima walio hatarini, na utaratibu wa kutunza siri za watu. Msiajiri mtu wa kudumu kwa fedha hizi. Hata kwa ruzuku ya miaka mitatu, barua za mikataba huchelewa, na nimeona vyama vidogo vikilipa mishahara kutoka mifuko ya viongozi wao hadi Julai.

Mipaka miwili mwisho. Wanachama ambao kibali chao cha ukaazi kinawazuia kutumia fedha za umma kwa kawaida hawastahili msaada wa makazi ninaoueleza hapa, wala msaada wa pango. Wakiwa na watoto wenye uhitaji, mlango wao ni idara ya ustawi wa watoto kwa kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, ambayo katika eneo lenye ngazi mbili iko kaunti, si wilaya. Na wapo wanaoweza kuomba sharti hilo liondolewe kwenye kibali. Lakini ombi hilo, na ushauri wowote kuhusu kibali cha mtu, msilifanye ninyi, hata kwa nia njema na bila malipo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1999 inaufanya ushauri wa uhamiaji unaotolewa na asiyesajiliwa kuwa kosa la jinai. Watafutieni mshauri aliyesajiliwa, na kwenye barua yenu kwa halmashauri andikeni wazi kwamba chama kinasoma notisi, kinaongozana na familia na kinatafsiri, na kwamba mambo ya vibali kinayapeleka kwa wenye leseni.